Meko ya umeme, hita ya mafuta, gesi au kuni: ulinganisho kwa nyumba za nyanda za baridi

Meko ya umeme ya wati 2,000 na hita ndogo ya feni ya wati 2,000 hutoa joto sawasawa, ingawa bei zake dukani hazikaribiani hata kidogo. Uniti moja ya umeme ikipita kwenye koili hugeuka joto la uniti moja, iwe koili hiyo imefichwa nyuma ya magogo ya plastiki, imezamishwa kwenye mafuta au imeachwa wazi. Basi maneno ya "hii haili umeme" yakitajwa kwa hita yoyote ya koili, yapuuze. Tofauti zipo kweli, lakini ziko kwingine: jinsi joto linavyosambaa, kelele, usalama, uzuri wa sebule, na nyumba yenyewe inavyolihifadhi joto hilo.

Ulinganisho huu ni wa nyumba za nyanda za juu, Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, na ng'ambo ya mpaka Limuru, Nyahururu na Eldoret, ambako kipupwe cha Juni hadi Agosti kinawafanya watu waote moto kwa kuuhitaji, si kwa anasa. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anayetaka meko ya umeme chini ya runinga kwa ajili ya urembo ana haki yake. Awashe mwali bila joto, na taa zitamtoza uniti chache tu kwa mwezi.

Kilichomo ndani ya meko ya umeme

Ndani ya boksi moja mna mashine mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni ya mwali. Taa ndogo za LED zinamulika fito inayozungushwa taratibu na mota ndogo. Fito hiyo imebandikwa vipande vinavyong'aa kama kioo, na mwanga unaoruka kutoka kwenye vipande hivyo unaangukia kioo chenye ukungu kilicho nyuma ya magogo. Jicho linaona ndimi za moto zinazopanda na kushuka. Magogo ni ya plastiki ngumu au ya utomvu uliomiminwa kwenye kalibu, na taa nyingine chini yake ndizo zinazofanya makaa yaonekane mekundu. Sehemu hii yote hula wati kumi hadi arobaini hivi.

Aina ya bei ya juu haitumii fito. Ina kitetemeshi kinachovunja maji kuwa mvuke laini, kisha taa inaumulika mvuke huo, na matokeo yake yanafanana mno na moshi na moto. Inapendeza, ila ina kazi: inataka maji kila baada ya saa kadhaa, na maji ya chumvichumvi ya kisima huacha magadi juu ya kitetemeshi hadi mwali ufifie. Ukiichagua, tumia maji yaliyochujwa au ya mvua yaliyo safi, na usafishe tangi kama maelekezo yake yanavyosema.

Mashine ya pili ni ya joto. Feni hunyonya hewa ya chumbani, huipitisha kwenye koili au kwenye vigae vya seramiki vinavyopashwa na umeme, kisha huitoa kupitia matundu ya juu au ya chini. Mifano ya kawaida ya volti 230 ina hatua mbili, wati 1,000 na wati 2,000. Themostati hupima hewa na kukata koili joto likifika kiwango ulichoweka, na kando yake ipo swichi ya usalama inayozima koili ikiwa hewa imezibwa na boksi limepata joto kupita kiasi. Kioo cha mbele hakiunguzi mkono, jambo kubwa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Matundu ya kutolea hewa ndiyo yenye moto, kwa hiyo angalia yako wapi kabla hujanunua. Yakiwa chini, mtoto anayafikia. Yakiwa juu, chochote kilichowekwa au kuning'inizwa hapo, runinga ikiwemo, kinapigwa na joto hilo.

Faida zake nyumbani zinatokana na ujenzi huo. Hakuna moshi wala majivu, hakuna hewa ya chumbani inayoliwa na moto, na chumba kidogo kilichofungwa kinaanza kupata joto ndani ya dakika chache kwa sababu feni inasukuma. Mwenye pumu hasumbuliwi na moshi. Kasoro yake ni hiyo hiyo feni: inavuma. Ukizima, joto linaondoka upesi, maana hakuna kitu kizito kilicholihifadhi.

Hita ya mafuta

Hii ni ile yenye mapezi ya chuma na magurudumu. Mafuta yaliyomo hayaungui wala hayaongezwi. Kazi yake ni kubeba joto la koili hadi kwenye mapezi. Inachukua robo saa hadi nusu saa kabla hujaihisi vizuri, lakini haina kelele, na baada ya themostati kukata inaendelea kutoa joto. Kwa chumba cha kulala, hasa cha mzee au mtoto mchanga, tunaipendelea kuliko meko ya umeme, bila kusita. Haipulizi vumbi, haina mwanga, na bei yake ya kununua iko chini. Kasoro zake ni uzito na upole wa kuanza. Anayerudi nyumbani saa mbili usiku na kulala saa nne hafaidiki nayo sana sebuleni, kwa sababu inapochangamka yeye anakwenda kulala. Isimame wima daima. Ikilazwa, koili inaweza kubaki nje ya mafuta na kuungua. Na usianike nguo juu yake.

Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha joto

Hapa ndipo hesabu ya umeme inapogeuka. Kiyoyozi cha aina hii hakitengenezi joto kwa koili. Kinalichota kutoka nje na kulisukuma ndani, hata nje kukiwa na nyuzi 5 au 10 tu. Kwa uniti moja ya umeme kinaingiza ndani joto la uniti tatu hivi. Hakuna meko ya umeme wala hita ya mafuta inayoweza kulifikia hilo. Tatizo ni kwamba viyoyozi vingi vilivyozoeleka madukani kwetu ni vya kupoza tu. Angalia rimoti: pasipo alama ya jua au neno la kupasha kwenye orodha ya hali, hakipashi. Gharama ya kununua na kufunga ni kubwa, na fundi asiyejua kuondoa hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi ataua kompresa mapema. Kwa nyumba inayopashwa saa nyingi kila siku kwa miezi mitatu, inafaa kupigiwa hesabu. Kwa saa mbili za jioni, hapana.

Hita ya gesi ya mtungi

Hita ya kabati, yenye mtungi nyuma na vigae vitatu vya kuwaka mbele, hutoa kilowati 1.4 kwa kigae kimoja na 4.2 vikiwaka vyote. Ina nguvu kuliko plagi yoyote ya kawaida, na umeme ukikatika inaendelea. Ndiyo sifa yake kuu, na kwa baadhi ya vijiji vya milimani inatosha kumaliza mjadala.

Lakini haina dohani. Kila kinachotokana na kuungua kinabaki chumbani. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa kilo moja na nusu na zaidi ya maji, yaani mvuke unaoshika kwenye madirisha na kuta baridi. Nyumba za Lushoto au Makete ambazo tayari zina unyevu huanza kuota kuvu nyuma ya makabati. Kwa sababu hiyo hiyo dirisha lazima liachwe wazi kidogo, na sehemu ya joto uliyoilipia inatokea hapo. Ukizuia hewa ili uokoe joto, moto unaanza kuungua vibaya na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Hita nzuri ina kihisi kinachozima moto oksijeni ikipungua. Isiyo nacho usiiingize ndani. Chumba cha kulala si mahali pake hata ikiwa nacho.

Kuna jambo la baridi lenyewe. Gesi ya mtungini huwa ni mchanganyiko wa butani na propani, na butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Asubuhi ya nyuzi 3 au 4, mtungi wenye butani nyingi hutoa gesi kwa shida, vigae vinafifia, na mtungi wenyewe unatoa jasho au kuganda barafu kwa nje. Watu hudhani gesi imeisha. Mara nyingi haijaisha, ni baridi tu. Usiupashe mtungi kwa moto wala kwa maji ya kuchemka. Punguza vigae kutoka vitatu hadi kimoja na usubiri.

Meko ya kuni

Nyumba nyingi za zamani za Limuru, Lushoto na mashamba ya chai zilijengwa na meko ya ukutani na dohani ya matofali. Hakuna kinachoshinda mwali wake kwa uzuri, ila ni tanuri la upotevu. Meko ya wazi huingiza chumbani karibu asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la kuni. Mengine yanapanda na dohani, na hewa inayopanda nayo huvuta baridi ya nje kupitia chini ya milango. Ndiyo maana ukikaa mbele ya meko uso unaungua na mgongo unaganda. Jiko la chuma lenye mlango, lililofungwa bomba la moshi, huvuna zaidi ya nusu ya joto la kuni zile zile.

Njombe, penye mashamba ya miwati, misindano na mikaratusi, kuni si shida, na kwa mwenye shamba lake mjadala wa gharama unaishia hapo. Ziwe kavu tu. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya paa miezi sita au zaidi huwaka safi. Mbichi hupoteza nguvu kuchemsha maji yake, hutoa moshi mzito, na moshi huo hugandisha lami ndani ya dohani. Siku lami ikishika moto, paa liko hatarini. Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya kipupwe.

Jiko la mkaa ndani ya chumba halimo kwenye ulinganisho huu. Mkaa unaoonekana kuwa umetulia, bila moshi, ndio unaotoa kaboni monoksidi nyingi, na familia zimelala nao zisiamke.

Gharama kwa saa

Tumechukua joto la aina moja, kilowati 2 chumbani kwa saa moja, na bei ya Tanzania ya Sh 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, kwa mteja wa kawaida wa nyumbani. Kwa gesi tumeweka Sh 4,000 kwa kilo kama mfano. Badilisha kwa bei ya kwenu.

| Chombo | Kinachotumika | Gharama ya saa |
|---|---|---|
| Meko ya umeme | uniti 2 | Sh 712 |
| Hita ya mafuta | uniti 2 | Sh 712 |
| Kiyoyozi cha kupasha | uniti 0.67 | Sh 240 hivi |
| Hita ya gesi | kilo 0.16 | Sh 640 hivi, kabla ya dirisha kupoteza joto |
| Meko ya kuni ya wazi | kilo 3 hivi za kuni kavu | bei ya kuni ya kwenu |

Saa nne kila jioni kwa siku 30, meko ya umeme yakiwaka mfululizo, ni uniti 240, sawa na Sh 85,440. Chumba kilichozibwa vizuri kinaifanya themostati ikate nusu ya muda, na gharama inashuka hadi Sh 42,720. Kenya, chukua jumla ya pesa uliyolipia tokeni ya mwisho ugawe kwa uniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako halisi, tozo zote zikiwa ndani.

Onyo kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo Tanzania, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Hita yoyote ya koili itakuvusha mpaka huo ndani ya siku chache, na bei ya uniti zinazozidi ni zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo. Ukiendelea kuvuka, unahamishwa daraja, na kipupwe kikiisha unabaki na bei ya juu hata kwa taa na friji. Kwa nyumba hizo hita ya umeme ina gharama isiyoonekana kwenye boksi.

Waya, soketi na volti

Wati 2,000 kwenye volti 230 ni ampea 8.7. Soketi nzima ya pini tatu za bapa, yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13, inabeba mzigo huo saa nyingi. Soketi iliyolegea haibebi. Mahali pini zinaposhika vibaya panapata joto, plastiki inageuka kahawia, na hatimaye inayeyuka. Baada ya nusu saa ya kwanza gusa plagi: vuguvugu ni kawaida, ikiwa huwezi kuishika zima na ubadilishe soketi, si plagi peke yake.

Usitumie ekstensheni. Ikibidi, iwe ya waya wa milimita 1.5 au zaidi, ikunjuliwe yote, na isibebe kitu kingine. Ekstensheni ya kuviringisha ikiachwa imejikunja hujipasha yenyewe hadi waya ushikane. Ukijenga upya, mwambie fundi aweke soketi ya meko kwa waya wa milimita 2.5 kwenye breka yake ya ampea 20, pamoja na ethi iliyopimwa.

Volti ya vijijini jioni hushuka, na nguvu ya koili hushuka kwa mraba wake. Hita ya wati 2,000 ikipata volti 190 badala ya 230 inatoa wati 1,365 tu. Kabla hujairudisha dukani kwa madai kuwa ni mbovu, pima soketi.

Wenye ndugu Marekani waangalie kibandiko cha nyuma. Meko ya huko ni ya volti 120 na wati 1,500. Ukiyachomeka kwenye volti 230 au 240, koili inavuta karibu mara nne ya nguvu yake na kuungua papo hapo. Transfoma ya kuyabeba ni nzito na ghali kiasi kwamba hayafai kujaza nafasi kwenye kontena.

Na sola: saa nne za wati 2,000 ni uniti 8. Betri mbili za asidi za volti 12 na ampea-saa 200 zina uniti 4.8 kwa maandishi, na nusu yake ndiyo ya kutumia bila kuziua. Washa mwali tu, joto litafute kwingine.

Yanayoharibika

Harufu ya kuungua siku ya kwanza, au baada ya miezi ya kutotumika, ni vumbi na mafuta ya kiwandani juu ya koili. Fungua dirisha, washa nusu saa, itaisha. Isipoisha, zima.

Mwali upo, joto hakuna: swichi ya usalama imekata, kwa kawaida kwa sababu matundu yamejaa vumbi au kiti kimesogezwa mbele yake. Chomoa, acha dakika kumi, vuta vumbi kwa mashine au brashi kavu, rudisha. Ikikata tena ndani ya saa moja, feni inazunguka polepole au imekwama, na hiyo ni kazi ya fundi. Yupo atakayependekeza kuiunganisha moja kwa moja swichi hiyo "isisumbue". Huyo usimlipe.

Joto lipo, mwali umesimama: fito imetoka kwenye kipira cha mota, au mota imekufa. Vipuri hivi ni vya bei ndogo, na fundi wa redio anaviweza. Mlio wa kukwaruza hutoka hapo hapo. Tik-tik wakati wa kuwaka na kuzima ni bati linalotanuka na kunywea, liache.

Nyumba ipi, chombo kipi

Kabla ya yote, tazama juu. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye silingi bodi na mlango unaofunga hadi chini kinahitaji takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba, yaani wati 1,600, na meko ya umeme yanakiweza. Chumba hicho hicho chini ya bati tupu kinaweza kutaka mara mbili yake, na hakuna plagi moja itakayotosha. Pesa ya meko ianze kununua silingi.

Sebule iliyozibwa, wageni wa jioni, umeme usiokatika sana: meko ya umeme yanafaa, na hapo uzuri wake unalipa. Chumba cha kulala kipewe hita ya mafuta. Umeme ukikatika kila siku ya pili, gesi sebuleni na dirisha wazi kidogo, au jiko la kuni la mlango kama kuni zipo.

Mwenye nyumba ya zamani yenye meko ya ukutani yasiyotumika anaweza kuingiza meko ya umeme kwenye tundu hilo hilo. Asafishe dohani kwanza, la sivyo masizi yanadondoka na feni inayapuliza hadi kwenye makochi. Apime upana, kimo na kina cha tundu, kina ndicho husahaulika. Kisha azibe koo la dohani kwa ubao, akiacha upenyo wa vidole viwili ili unyevu usijikusanye ndani ya matofali, na juu ya paa aweke kofia ya bati mvua isiingie.